Dawa ya Goti la Ekwaro

Picha ndiyo iliyomponza Ekwaro. Mawakala wa forodha wa Busia, upande wa Uganda, walicheza mpira na madereva wa malori, wakafungwa mpaka mwamuzi akawaonea huruma, na kesho yake picha zikamwagwa kwenye kundi la WhatsApp. Ekwaro alizipitia huku akiwacheka wenzake vitambi, mpaka alipomwona mzee mmoja ameshika goti pembeni ya uwanja, mashavu yameporomoka, shingo imejaa mikunjo. Akaandika: "Jamani, huyu mzee ni baba ya nani?" Mtu akamjibu: "Ekwaro, huyo ni wewe."

Goti lilikuwa linauma kweli, hilo tusimsingizie. Aliumia mwanzoni kabisa, akijaribu kumpiga chenga dereva aliyekuwa amesimama tu. Lakini ngozi ilimuuma zaidi. Mtu anavaa tai, anaheshimika mpakani pande zote mbili, halafu anajiita mzee kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu!

Ndipo akavuka upande wa Kenya kumwona Chrispinus, mwenye jimu ndogo nyuma ya soko, mabega mapana na uso unaong'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Chrispinus akamtolea chupa tatu ndogo, kila moja ina unga mweupe chini.

"Hizi ni peptaidi, mzee wangu," akasema. "Unaweka maji, unajidunga kidogo kidogo hapa tumboni. Goti inajirekebisha, ngozi inarudi fiti. Mimi mwenyewe natumia. Si unaniona?"

Ekwaro alimwona. Aliona pia maandishi madogo ya Kiingereza kwenye chupa, yaliyosema kwamba dawa ile si kwa matumizi ya binadamu.

"Na haya maneno?"

"Hayo ni ya kuzuia maswali tu. Achana nayo."

Ekwaro, ambaye riziki yake ni kusoma maandishi madogo kwenye mizigo ya watu, akaachana nayo.

Taabu ikawa ni baridi. Dawa ilitaka friji, na umeme wa jua nyumbani kwake, kijijini Kwapa, uliweza taa na simu tu. Chupa moja aliificha ndani ya chupa ya chai, amezungushia barafu aliyoipata kwa wauza samaki, kwa hiyo ujana wake ukaanza kunuka sangara. Mbili akazipeleka dukani kwa Phiona, pale njiapanda, ambako soda, maziwa na chanjo za kuku za kijiji kizima zililala katika friji moja. Phiona akauliza hizi ni za nini. Ekwaro akaona aibu. Aseme nini, dawa ya mikunjo? Habari ingemtangulia kanisani.

"Ni chanjo ya kuku," akajibu, akimsingizia mkewe. "Ya Mama Samuel."

Uongo ulitoka laini, na alijisifu njia nzima hadi nyumbani.

Sindano ya kwanza alijidunga chooni, amefumba macho, ameshika kipande cha tumbo, na kipande cha kushika hakikukosekana. Baada ya siku chache akaapa kimoyomoyo kwamba goti linalia kwa sauti nyingine, sauti ya kupona. Tumboni palitoka vipele vyekundu, naye akavihesabu kuwa dalili njema. Alikaa mbele ya kioo cha pikipiki yake muda mrefu hivi kwamba wapita njia wawili walimuuliza anaiuza bei gani. Akaanza kusalimia watu kwa kuwageuzia shavu la kushoto, ambalo aliamini limetangulia kuitikia dawa.

Jumamosi moja asubuhi alirudi kutoka zamu ya usiku akakuta uwanja wake umejaa majirani, na kila jirani amekumbatia kuku. Katikati ameketi mkewe, Nerima, jogoo mapajani, kichupa mkononi. Akainamisha kichwa cha jogoo, akamdondoshea tone jichoni.

Nerima ni Msamia na Ekwaro ni Mteso, na nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili cha mpakani tangu walipooana.

"Baba Samuel!" akaita, na uso wote ulikuwa kicheko. "Phiona aliniambia! Umeninunulia chanjo halafu umenyamaza tu! Mimi nasema kila siku, huyu bwana kuku yangu hata haioni. Kumbe unawaza!"

Phiona naye alikuwepo. "Mimi nilisoma kwanza," akasema kwa fahari. "Imeandikwa si ya binadamu. Nikasema, basi ni ya kuku kabisa."

Chanjo ikishachanganywa hailali hadi kesho, ndiyo maana mwenye chupa huwaita majirani waje na kuku wao. Nerima alikuwa amewaita wote, na kila aliyeingia aliambiwa chupa ile imetoka kwa nani.

Ekwaro alisimama pale akatamani ardhi ipasuke. Mwaka jana ugonjwa wa kideri ulimfagilia Nerima kuku wote, akawachimbia shimo peke yake huku akilia. Tangu siku hiyo, kila Ekwaro alipopita Tororo, Nerima alimwomba amletee chanjo, na kila siku jibu lilikuwa kesho. Sasa kideri kilikuwa kimeshaonekana Merikit, si mbali na kwao. Akinyamaza, kuku wa watu hawa watakufa huku wenyewe wakidhani wamechanjwa. Akisema, atamvua mkewe furaha ambayo hakumbuki mara ya mwisho kumpa. Akapiga moyo konde.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hiyo si chanjo."

"Ni nini?" akauliza Mzee Obbo, aliyekuwa na jogoo mwekundu kwapani.

"Dawa ya goti."

"Goti ya kuku?"

"Goti yangu mimi, mzee." Na kwa kuwa mtama ulikwisha mwagika, akaumwaga wote. "Na ya ngozi. Ya kuondoa mikunjo."

Mzee Obbo akamwinua jogoo wake juu ili wote wamwone. "Huyu nilikuwa namngojea Krismasi," akasema. "Sasa itarudi kifaranga!"

Watu walicheka mpaka kuku wakawaponyoka. Phiona alikaa chini. Ekwaro naye akacheka, akapandisha shati kuwaonyesha vipele vyake, akawageuzia shavu la kushoto, maana kuchekwa alikuwa ameshakuzoea na kulimsaidia asitazame upande mmoja. Hatimaye akatazama. Nerima hakuwa anacheka.

"Kwa hivyo hukuninunulia," akasema.

"Hapana."

"Sawa."

Akamweka jogoo chini polepole, akafuta vidole kwa ncha ya kitenge chake, akaingia ndani.

Ekwaro hakuuliza chai wala kitanda. Aliwaambia majirani wasiondoke, akazunguka akimuuliza kila mmoja ana kuku wangapi, akawasha pikipiki. Goti lilimuuma njia nzima kama siku ile ile ya uwanjani. Chupa ya sangara aliitupa njiani, na hakusimama kuona ilikoangukia.

Duka la dawa za mifugo mjini Tororo lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Mama aliyekuwa nyuma ya meza akamuuliza ni kuku wangapi, ampe chanjo ya kutosha. Ekwaro akataja wa Mzee Obbo, akataja wa Phiona, akataja wa majirani wengine wote bila kukosea.

"Na wa kwako?"

Akafungua mdomo. Alimkumbuka jogoo mmoja, na huyo ni kwa sababu alimwona asubuhi ile mapajani kwa Nerima. Wengine hakuwajua hata rangi. Mikunjo ya shingo yake aliijua mmoja mmoja, lakini kuku waliozunguka miguuni pake kila asubuhi akifunga viatu hakuwajua. Aibu hii haikuwa ya kuchekesha watu. Akatoka nje ya duka, akampigia mkewe.

"Mama Samuel," akasema. "Wananiuliza hapa. Kuku yako ni ngapi?"

Upande wa pili kuku walikuwa wakilia uani.

"Njoo uhesabu," Nerima akasema, akakata simu.