Gari Lililopiga Magoti

Jumamosi asubuhi mkaguzi wa mizani alitoka nyumbani kwenda kununua kigari kidogo cha kwendea kazini. Jioni akarudi na jitu jeusi, refu, linalong'aa, lililoziba geti lote huku mkia wake ukiwa bado barabarani.

Mkewe, mkunga wa hospitali ya serikali, alitoka nje na kandambili, taulo kichwani. Akalitazama gari. Akamtazama mumewe. Akalitazama gari tena.

"Umemleta nani?" akauliza kwa sauti ya chini, maana alidhani kuna mkubwa fulani ndani.

"Hakuna mtu. Ni letu."

"Letu sisi?"

"Bei ileile, mke wangu! Bei ileile ya kile kigari. Dalali amevipanga vyote viwili ubavu kwa ubavu, akaniambia nichague. Ungekuwa wewe ungechukua kipi?"

Mkunga akasema angechukua kile kinachoingia getini.

Lilikuwa sedani ya kifahari, ya zile walizokuwa wakiendeshwa nazo mabosi wa mabenki zamani, kabla hata wawili hawa hawajajuana. Viti vya ngozi, mbao za kung'arishwa milangoni, na nyuma nafasi ya kunyoosha miguu mpaka mtu akasinzia. Cha kushangaza ni kwamba aliyelinunua alikuwa mtu wa kupima. Kazi yake ilikuwa kupita dukani na buchani na kisanduku cha mawe ya kupimia, akikagua mizani, na nyama ikipunjwa hata kidogo yeye aliiona. Lakini siku ile akili yake ya vipimo ilibaki nje ya yadi ya dalali. Alikikalia kile kiti cha ngozi mara moja tu, kikamkumbatia, basi, kwisha habari yake.

Dirishani pazia lilisogea kidogo. Huyo alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuja kukaa nao baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Yeye na mkaguzi walikuwa wakiheshimiana mno, kiasi kwamba hawakuwa wamewahi kuzungumza. Kila asubuhi mambo yalikuwa yaleyale: "Shikamoo mama." "Marahaba baba, umeamkaje?" "Salama, mama." Ikifika hapo maneno yaliwaishia, na kila mmoja akatafuta pa kukimbilia, mkaguzi bafuni, mama mkwe na mkongojo wake jikoni. Mkunga alikuwa akisema nyumba yake imefikiwa na mabalozi wawili wasio na mkalimani.

Hata siku ile mama mkwe hakusema lolote kuhusu gari. Alikohoa tu. Kikohozi kimoja, kikavu, cha mwalimu mkuu. Mkaguzi alikibeba kikohozi hicho kichwani wiki nzima.

Matatizo ya gari yalianza mapema. Saspensheni yake ilikuwa ya hewa, na hewa hiyo haikukaa. Kila asubuhi alilikuta limelala, tumbo chini, kama limesikia habari mbaya. Ilimbidi aliwashe, arudi ndani anywe chai, huku lenyewe likijiinua upande mmoja mmoja na kuguna. Watoto wa jirani walisimama kibarazani kwao kulishangilia. Mafuta nayo lilikunywa kama limetoka jangwani.

Halafu kulikuwa na yule mwanamke. Gari lilikuwa limeletwa kutoka nchi ya mbali, na ndani ya dashibodi likaja na sauti ya mwanamke anayesema lugha ya huko, laini, ya adabu. Ukifungua mlango anasema. Ukirudi nyuma anasema. Ukisimama kwenye taa, anasema kidogo na kunyamaza, kama aliyeamua kuyaacha. Fundi mmoja alijaribu kumzima akaishia kuzima kiyoyozi.

"Na huyu naye tunamlisha?" mkunga aliuliza.

Lakini kilichomsumbua zaidi mkaguzi kilikuwa watu. Walinzi walimfungulia mageti na kumpigia saluti kabla hajajitambulisha. Gerejini bei ilipanda kabla boneti haijafunguliwa. Ofisini wenzake walianza kumwita Mheshimiwa, mwanzoni kwa utani, kisha utani ukapungua. Na mkuu wa idara, mtu mwembamba asiyecheka, ambaye kigari chake kingeweza kuingia kwenye buti ya lile jitu, alianza kusimama dirishani kila asubuhi na kikombe chake, akitazama.

Ikafika siku ya mama mkwe kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo, na mkunga yuko zamu. Hakukuwa na namna. Mkaguzi alimfungulia mkwewe mlango wa nyuma, akamsaidia kuketi, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani. Walikwenda kimya mpaka kona ya kwanza. Mwanamke wa dashibodi akasema neno.

"Asante, mwanangu," mama mkwe akamjibu. Kisha akainama mbele. "Anasemaje?"

"Sijui, mama."

"Mtu anasema nawe kila siku, hujui anachosema?"

"Ni mashine, mama."

"Basi ni mashine iliyolelewa vizuri. Mimi nimefundisha maisha yangu yote. Sauti ya kuomba naijua, na sauti ya kukanya naijua. Huyu anakukanya."

"Ananikanya kwa lipi?"

"Ile kona umeikata vibaya."

Mkaguzi alicheka kabla hajajizuia. Akatupa jicho kwenye kioo, akaona na mama mkwe anacheka, amejifunika mdomo na ncha ya mtandio.

Tangu siku ile kamba ikalegea. Labda ni kwa sababu ndani ya gari hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni. Mmoja mbele, mmoja nyuma, macho yote barabarani, maneno yakapata njia. Mama mkwe alimsimulia jinsi alivyowahi kumfukuza shule mtoto wa mkuu wa wilaya, akamrudisha kesho yake kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kupiga ngoma ya gwaride. Naye mkaguzi, siku moja, akajikaza akamwambia kwamba alipokuja kuposa alitapika kwa hofu nyuma ya nyumba yao.

"Najua," alisema mama mkwe. "Uliyatapikia mawaridi yangu."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Yalichanua vizuri sana mwaka ule."

Tena viti vya nyuma vilikuwa na kitufe cha kupasha joto, na joto lile liliifaa nyonga yake kuliko dawa zote. Akawa anatoka mwenyewe baada ya chakula cha mchana, anakwenda kukaa garini na redio yake mpaka betri inalalamika.

Basi ilikuwa hivyo mpaka jioni ambayo mkuu wa idara alimwita mkaguzi ofisini, akafunga mlango.

"Kuna wenye maduka wanaongea," alisema. "Wanauliza mkaguzi wa mizani anapata wapi gari kama lile. Na mimi nauliza. Kesho asubuhi uje unieleze. Kabla sijapeleka juu."

Mkaguzi alifika nyumbani uso umemshuka. Alipomweleza mkewe, mkunga aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Si nilikwambia uchukue kile kinachoingia getini!" Halafu akamwonea huruma, akakaa karibu naye, akamwambia mtu asiye na hatia hana haja ya kutetemeka. Mumewe akajibu kwamba yeye hatetemeki, ni baridi. Kutoka chumba cha pili kikohozi kikavu kilisikika.

Kesho yake ilikuwa pia siku ya kliniki, na kliniki ilikuwa mbele kidogo ya ofisi. Wakatoka pamoja, mkaguzi aonane na mkuu kwanza, kisha ampeleke. Walipofika barabara kuu, mama mkwe akasema, "Baba, nikuulize kitu. Unijibu ukiwa unatazama mbele."

"Uliza, mama."

"Umekula rushwa?"

"Sijala, mama. Hata peremende."

Mama mkwe akaegemea kiti. "Mimi nilidhani umekula."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipolileta. Unadhani nilikuwa nakohoa kwa nini?"

Mkaguzi nusura apande ukingo wa barabara. "Kwa hiyo siku zote hizi umekuwa ukipanda gari unaloamini ni la rushwa?"

"Kiti kina joto, mwanangu," alisema mama mkwe, kwa unyonge wa kweli.

Hapo mwanamke wa dashibodi akaanza. Safari hii hakusema mara moja akanyamaza. Alisema, akarudia, akarudia tena, sentensi ileile, bado kwa adabu lakini bila kupumua.

"Leo huyu ana neno zito," alisema mama mkwe. "Simama."

"Nimechelewa, mama. Mkuu ananisubiri."

"Simama, nakwambia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaita watoto bweni likiwaka moto."

Hakusimama. Ofisi ilishaonekana. Mlinzi alikwisha kufungua geti na kuinua mkono wa saluti pale boneti ilipotoa mvuke mweupe, mwingi, uliomfunika yeye na saluti yake. Injini ikakohoa, ikazima. Kisha gari, katikati ya geti, mbele ya madirisha yaliyojaa watu, likatoa pumzi ndefu ya masikitiko na kuanza kushuka. Lilitangulia mbele, likapiga magoti. Nyuma ikafuata, kulia kwanza, kushoto baadaye. Likatulia chini kabisa, kama mtu anayeomba msamaha.

Nyuma yake kigari kikapiga honi. Alikuwa mkuu wa idara, naye kachelewa, hana pa kupita.

Mkaguzi alishuka akikohoa mvuke. Akakimbilia kumfungulia mama mkwe; mlango umegoma, umeme wote umekufa, na kioo kilikuwa kimeteremka nusu tu. Kwa hiyo mkuu wa idara alipofika pale, ilimbidi ainame sana ili kuzungumza na kichwa cha mama kilichojaa heshima dirishani.

"Wewe ndiye mkuu wake?" kichwa kikauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na shikamoo je?"

"Shikamoo, mama. Samahani."

"Marahaba. Nasikia unataka kujua gari hili limepatikanaje. Nami nilitaka kujua, nimemuuliza, amenijibu. Lakini usinisikilize mimi, litazame lenyewe. Mtu akishaiba, baba, ndiyo ajinunulie aibu kama hii?"

Mkuu wa idara alilizunguka gari polepole. Akaitazama taa ya nyuma iliyoshikiliwa kwa gundi. Akauliza namba ya dalali, akapiga simu palepale, akaiweka kwenye kipaza sauti. Alikuwa hajamaliza kutaja gari lenyewe, dalali akamkatiza.

"Bosi, mimi sina kesi! Nilimwambia mbele ya watu, likitoka hapa hela hairudi! Kwa bei ile alitegemea nini, ndege?"

"Bei gani?" mkuu akauliza.

Dalali akaitaja.

Mkuu alikata simu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Wafanyakazi walioona walidhani analia, kwa kuwa hawakuwahi kumwona akicheka na hawakujua kicheko chake kinakuwaje. "Ni nusu ya bei ya changu," alisema hatimaye, akijifuta macho. "Nusu! Nami nimelala macho kwa ajili ya hili!" Akampa mkaguzi mkono, akaushika kwa muda, na kwa sauti ya chini akamwomba radhi.

Mama mkwe alitolewa kwa mlango wa upande wa pili, na mkuu mwenyewe akampeleka kliniki na kigari chake. Inasemekana alirudi jasho linamtoka, akawaambia watu kwamba amesahihishwa kila kona.

Gari lilinunuliwa na mwenye gereji kwa ajili ya vipuri. Mkaguzi alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea, likiwa juu ya lori, na mkunga, ambaye alikuwa amejiandaa kusema jambo, akaona bora asiseme. Mwezi uliofuata wakanunua kigari cha kawaida, kisichosema neno.

Nyonga ya mama mkwe ilipopona kabisa walimrudisha kwake, safari ya kutwa nzima. Mkunga, aliyekuwa ametoka zamu, alijikunja nyuma apate usingizi. Mbele mkaguzi na mama mkwe walibishana kuhusu mawaridi, kuhusu mbolea, na kuhusu kama mtoto wa mkuu wa wilaya alistahili kurudishwa shule.

"Jamani," mkunga alisema kutoka nyuma, amefumba macho, "hamwezi kuheshimiana kidogo, watu walale?"

Walinyamaza mpaka kilima kilichofuata.