Filamu ya Watu Wote

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mkaguzi wa filamu. Kazi yake ni kukaa kwenye chumba chenye mapazia mazito, mbele ya skrini, na kuamua nani aone nini. Ana fomu yenye viboksi: damu, silaha, matusi, ulevi, mapenzi. Akimaliza anatia saini na kuandika chini: watu wote, au zaidi ya miaka kumi, au watu wazima tu. Mdomo anao. Akikasirika, hata sahani kabatini zinanyamaza. Lakini hasira zake ni moto wa karatasi. Kabla hujajibu umeshazima, na anakuuliza kama umekula.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi kwao, na chumba cha mbele ndicho kiwanda changu. Binti yao akitoka shule hukaa nami katikati ya vitambaa mpaka wazazi warudi. Ana miaka saba. Tunamwita Mdadisi, kwa sababu hajawahi kukubali jibu moja kwa swali moja.

Wakati huo ilitoka filamu ya tano ya wale wasafiri wa anga, ambao kila mtoto alikuwa na begi lenye picha zao. Wifi ndiye aliyeikagua, kisha akasafiri kikazi siku nne. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Mpeleke tu, wifi. Humo hata kuku hachinjwi."

Nikampeleka Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa familia, watoto wachanga kwa mabibi. Saa nzima tulicheka. Kisha ikaja habari ya mama mmoja aliyerudi nyumbani kutoka sayari ya mbali. Alirudi mpole mno. Hakumfokea tena binti yake, hakukasirikia chochote. Binti akaanza kumtazama. Na kweli, hakuwa mama. Lilikuwa umbo lililonakiliwa. Mama halisi alibaki kule, nyuma ya kioo kinene, anakipiga kwa viganja, mdomo unakwenda, sauti haitoki. Picha ile haikuchukua hata dakika mbili. Baadaye mashujaa wakashinda vita, muziki ukapaa, watu wakapiga makofi.

Mdadisi hakupiga. "Shangazi, mama yake je?"

"Yupi?"

"Wa kwenye kioo. Wamemsahau."

"Hawajamsahau. Atatoka sehemu ya sita."

"Lini?"

"Miaka miwili hivi."

Akatazama majina yanavyopanda kwenye skrini. "Miaka miwili anagonga tu?"

Nikamnunulia juisi. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Tuliporudi nyumbani tukamkuta wifi amefika. Siku nne bila mtoto zilikuwa zimemlainisha. Akapiga magoti mlangoni, akafungua mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Njoo, kipenzi cha mama." Mtoto akasimama kwanza. Halafu akaenda, akakumbatiwa, mikono yake mwenyewe imening'inia ubavuni kama mikono ya shati lililoanikwa.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Mdadisi aligeuka mtoto wa adabu. "Asante sana, mama." "Samahani, mama, naomba kupita." Kaka akaniuliza, "Huyu umempa dawa gani?" Ila mimi niliona kwamba adabu ile ilikuwa ya mgeni. Hakumpa tena mama yake kichwa amsuke. Chanuo aliniletea mimi. Na maswali yake yalikuwa yamebadilika.

"Mama, siku niliyomwaga wino kwenye mto, ulisema nini?"

Wifi akacheka. "Nani anakumbuka hayo?"

"Na nilipoumwa masikio, ulinilaza upande gani?"

"Upande wa ukuta. Au dirishani, siyo?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mwalimu anayejua alama zako kabla ya kusahihisha.

Wifi akanifuata kwenye cherehani. "Mwanangu ananiogopa?"

"Ni ile filamu," nikamwambia. "Mwonyeshe upole tu, itapita."

Naapa nilidhani nimeshauri jambo la maana. Siku tatu wifi hakupaza sauti. Siku ya tatu chai ikamwagikia fomu zake za kazini, zote, na yeye akatabasamu, akachukua kitambaa, akafuta. Nilimtazama yeye, kisha nikaangalia uso wa mtoto. Ulisinyaa kama puto.

Kesho yake alipotoka shule aliingia chini ya meza yangu ya kukatia, akakaa na bati la vifungo. Alisubiri mpaka cherehani ilipoanza kelele.

"Shangazi, usimwambie kwamba tunajua."

Mguu wangu ukaganda kwenye kanyagio. "Tunajua nini?"

"Wewe pia jana ulimtazama."

"Mdadisi, yule ni mama yako."

"Simchukii. Anapika kama mama. Lakini akijua tunajua, ataondoka. Na ni yeye peke yake anayeijua njia ya kule kwenye kioo." Alisema hayo bila chozi, huku anatenga vifungo vyeusi na vyeupe.

Nilimweleza wifi kila neno. Asubuhi akaniambia nivae, twende kazini kwake. Wageni hawaruhusiwi, ila fundi mitambo, mzee mmoja mkimya, ni mtu wake wa karibu. Akatuzimia taa, akatuwekea filamu. Tulikaa wawili kwenye viti kumi na viwili.

Kioo kilipotokea, wifi alinishika mkono mpaka nikaumia.

"Hii haikuwemo."

"Ilikuwemo. Niliiona ukumbini."

"Wifi, filamu hii nimeikagua mwanzo mpaka mwisho. Mwanamke huyu sijawahi kumwona."

Mzee akasimamisha picha, akatuletea jalada. Fomu ilikuwa humo. Pembeni, kwa kalamu ya bluu: dakika ya sabini na moja, mwanamke nyuma ya kioo, hakuna damu. Chini, saini.

Wifi akaisoma mara tatu. "Mwandiko ni wangu," akasema. "Sikumbuki kuuandika."

"Unatazama filamu tatu kwa siku, mama," mzee akamwambia. "Mimi mwenyewe huwa nasahau nilichokula."

Alipoiachia picha iendelee, niligeuka nikamwona wifi anafuatisha ule mdomo usio na sauti kwa mdomo wake.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anaita jina." Hakusema jina gani.

Mtu husahau. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, huku natembea hatua moja nyuma yake, natazama anavyoutupa mguu wa kushoto.

Wifi akaandika barua mwenyewe, akaomba filamu ikaguliwe upya. Wakubwa zake hawakupenda. Alinisimulia jinsi mwenyekiti alivyoipiga fomu kwa kidole: damu iko wapi? Silaha iko wapi? Familia nzima zinakwenda na zinarudi zinacheka! Naye akamjibu, "Mwenyekiti, hatuna kiboksi cha mtoto aliyeingia ukumbini ana mama, akatoka hana uhakika naye." Kumbe barua za wazazi wengine zilishaanza kufika, na mmoja wao alikuwa baba ambaye mwanawe alimwomba aonyeshe kovu la goti kila anaporudi kazini. Mwisho wakakubali: zaidi ya miaka kumi, pamoja na onyo. Matangazo ukutani yakabandikwa karatasi mpya, ingawa wa kuiona walishaiona.

Jumapili iliyofuata, mchana, nilitoka kidogo kwenda kuanua nguo. Niliporudi nilimkuta Mdadisi amesimama na mkasi wangu mkubwa, na gauni la bibi harusi la mteja limechanwa kutoka pindo hadi gotini. Hakukimbia. Alikuwa anaangalia mlango, anasubiri.

Wifi akaingia. Akaona gauni. Nikamwona anavuta pumzi ya upole, halafu pumzi ile ikamshinda.

"We mtoto! Una wazimu? Mikono inakuwasha? Gauni la watu! Shangazi yako kakesha macho mekundu, wewe unakata kama unakata karatasi! Weka mkasi chini! Weka, nasema!"

Mkasi ukaanguka. Mara mtoto akamrukia mama yake, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili. Wifi akalia. Mimi, mwenye gauni lililoharibika, nikalia pia. Kaka akaja mbio akiuliza nani amekufa.

Tangu siku hiyo nyumba ilitulia. Saa ileile Mdadisi alimpelekea mama yake chanuo, akakaa katikati ya magoti yake kama zamani. Baadaye, wifi alipokwenda jikoni, mtoto akaja kunisaidia. Nilikuwa nalitafutia gauni njia ya kulifichia jeraha. Yeye ananitungia uzi kwenye sindano.

"Sasa umefurahi? Mama amerudi," nikamwambia.

Alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaipitisha kwenye tundu mara ya kwanza, akanipa.

"Hajarudi, shangazi. Huyu amejifunza kufoka." Aliniangalia bila hofu hata chembe. "Amejitahidi sana. Ndiyo maana nimemkumbatia."

Akaondoka zake akiruka mguu mmoja.

Kutoka jikoni wifi akaniita. "Wifi! Unakuja kunywa chai, au umeamua kuolewa wewe na hilo gauni?" Na akacheka. Ni mzaha wake kabisa. Katika nyumba ile hakuna mwingine ambaye angeusema. Nami nikacheka, nikamwambia nakuja.

Lakini nilibaki pale kidogo, sindano mkononi, nikijaribu kukumbuka kama zamani alikuwa anacheka baada ya kumaliza mzaha, au katikati yake.