Mwali wa Ndani ya Mvule

Dominiko alikuwa hodari wa mambo mawili, gobore na kujisifu, na Yuliana mkewe hakupata kujua lipi lilianza. Basi mwaka ule wa hamsini na moja, Mzungu mmoja mkusanyaji wa ndege alipopiga hema karibu na misheni, hakuhitaji kutafutiwa mwindaji. Dominiko alijipeleka mwenyewe. Mzungu aliwachuna ndege, akawajaza pamba na kuwapanga kwenye masanduku, na watu wakamwita Bwana Ndege.

Nyumbani kwa Dominiko kulikuwa na mwali. Binti yao Bernadeta alivunja ungo baada ya Pasaka, akaingizwa ndani kama walivyoingizwa mama yake na bibi yake: chumba cha nyuma kisicho na dirisha, miezi na miezi, haoni jua wala haonwi na mwanamume, hata baba yake mzazi. Mapadre waliinung'unikia desturi hiyo kila Jumapili, na kila Jumatatu watu waliendelea nayo.

Juu ya kijiji, ukingoni mwa msitu, kulikuwa na mwali mwingine. Hondohondo jike alikuwa ameingia kwenye tundu la mvule mkubwa, akajiziba humo kwa udongo na kubakiza ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo ndani hutaga, hutotoa na hupukutika manyoya ya mabawa, na dume ndiye anayemletea chakula mpaka siku atakapouvunja ukuta. Wanawake wa kijiji kile walimwita mwali, na binti aliyekuwa ndani mwaka huo alikuwa somo yake. Hatoki mmoja kabla ya mwenzake. Hondohondo akivunja ukuta ndipo ngoma hupigwa, na binti hubebwa mabegani mpaka chini ya mti, akaone somo yake alikotokea. Mvule wenyewe haukuguswa na shoka, hata ukuni mmoja haukuokotwa chini yake.

Bernadeta hakuwa na saa wala jua, lakini alikuwa na mabawa. Hondohondo akipita hewani mabawa yake huvuma, hata aliye ndani ya nyumba humsikia. Dume alikuwa akipita juu ya paa lao la nyasi kwenda mvuleni, na jioni, Dominiko alipokaa nje ya chumba cha nyuma juu ya kinu kilichopinduliwa, binti yake alimpa habari kutoka ndani.

"Baba, leo somo yangu kaletewa mara sita."

"Na wewe umeletewa mara ngapi?"

"Mara mbili. Ugali."

"Basi mwambie mama yako akajifunze kwa ndege."

Hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya Dominiko kwa siku nzima, na ndiyo aliyokwenda kuiharibu kwa mikono yake. Bwana Ndege alitaka hondohondo dume, mwenye pembe kubwa juu ya mdomo. Alikuwa na doti ya kanga nyekundu kutoka dukani kwa Hasanali mjini Morogoro, akasema ni ya atakayemletea. Dominiko akaziona kanga zile tayari mwilini mwa binti yake siku ya kutoka. Tusimsingizie kwamba alimsahau mwali wa mvuleni. Alimkumbuka, na ndiyo maana alikwenda mbali, akavuka mto na kupanda mlima wa pili, kwenye mkuyu ambapo hondohondo wengi hukusanyika kula. Alijiambia kuwa wa huko si wa kwetu. Ni kosa la mtu anayeupima mlima kwa miguu yake, wakati mwenye mabawa huuvuka kabla hujamaliza kufunga kamba ya kiatu.

Akamlenga aliyewazidi wote kwa ukubwa. Gobore likalia, ndege akaanguka kwa kishindo. Dominiko alipomwinua kwa miguu, mdomo ulipanuka na makuyu yakaanza kumwagika kutoka kooni, mazima mazima, moja baada ya jingine. Ndege anayekula kwa ajili ya tumbo lake hapakii chakula namna hiyo. Dominiko alisimama pale amemshika, na kila kuyu alilodhani ni la mwisho lilifuatwa na jingine, mpaka miguu yake ikazungukwa na makuyu. Lakini ndege alikwishakufa, na kanga zilikuwa zinangoja, akampeleka hivyo hivyo.

Alasiri akampa Yuliana zile kanga ampelekee mtoto, akaenda kukaa kwenye kinu chake. Alimsikia Bernadeta akicheka ndani.

"Mama kasema ni nyekundu. Ahsante, baba." Kisha akauliza: "Baba, umemwona dume leo? Kapita asubuhi tu, halafu kimya."

"Labda kashika njia nyingine."

"Hajawahi kushika njia nyingine."

Kesho yake Dominiko alikuwa chini ya mvule tangu alfajiri. Alijipa moyo kwamba madume ni wengi, mmoja atakuja. Hakuja. Akakata mianzi, akaunga mmoja kwa mwingine na kufunga makuyu kwenye ncha, lakini mianzi ilipepesuka na kupinda, na bado palibaki urefu wa watu wawili kulifikia tundu. Akajaribu kupanda. Shina la mvule ule halikumbatiki, akateleza na kuchubuka kifua chote. Alipokuwa ameketi chini anahema, mdomo ulitokea kwenye ufa. Ukafunguka, ukangoja, ukajifunga tena. Ulifanya hivyo mara nyingi siku ile. Mtu mzima aliyezoea kusifiwa kwa shabaha alikaa pale akitazama, na machozi yakamtoka.

Siku ya tano alikwenda kwa Agustino, mtani wake, mrina asali anayepanda miti kwa kupigilia vigingi.

"Leo mpiga bunduki kakumbuka mlango wa mla nyuki," Agustino alisema. "Nani kafa?"

Dominiko akamweleza yote. Utani ukaisha hapo hapo. Agustino akachukua kamba na vigingi, wakaenda, akapanda mpaka tunduni. Kutoka chini Dominiko alimwona akisukuma makuyu kwenye ufa, na aliona jinsi mdomo ulivyotoka na kumgonga mkono. Makuyu yakadondoka majanini. Agustino akateremka, damu zinamchuruzika kiganjani.

"Ananiogopa. Kwake mimi ni nyani aliyekuja kumla."

"Tukiuvunja ukuta?"

"Mabawa yake yamepukutika. Atadondoka aliwe na mbwa. Na humo ndani mna mtoto, nimemsikia analia." Akajifunga jani kwenye jeraha. "Nimemwachia machache ufani. Njaa ikimzidi atakula. Nitarudi kesho."

Kesho yake ilikuwa siku ya matuta. Serikali ilikuwa imeamuru milima yote ikatwe matuta, siku tatu kila wiki, na bwana shamba aliandika majina ya wasiofika. Siku tatu hizo wote wawili waliinama na majembe, mvule ukiwa juu yao, unaonekana. Siku ya nne Agustino akapanda, akatega sikio, akateremka polepole.

"Makuyu yako pale pale. Mtoto simsikii."

Alipopanda tena baada ya Jumapili, mdomo haukutoka ufani kumgonga. Alishuka, akakunja kamba yake.

Wiki zilipozidi kupita, hofu ya pili ikamshika Dominiko. Kijijini alikuwapo bibi mmoja ambaye somo yake alifia mtini zamani zile za Wajerumani. Alikaa ndani mpaka msimu wa pili, na alipotoka hakuna aliyemchumbia. Alizeeka nyumbani kwa kaka yake akilea watoto wa wengine. Dominiko akawaza Bernadeta katika giza lile mwaka mwingine mzima, kisha maisha yale. Akamwomba Agustino jambo ambalo hakuwahi kudhani atamwomba mtu.

"Hilo si la kutaniana," Agustino alisema. Lakini alikwenda, akauvunja ukuta wa udongo kwa kisu. Jike alikuwa amemlalia mtoto wake, wote wakavu na wepesi. Walizikwa kichakani kwa jembe la matuta.

Siku mbili baadaye wanawake waliokwenda kutafuta uyoga waliliona tundu liko wazi, wakarudi na vigelegele. Yuliana akaanza kuloweka mahindi ya pombe. Mumewe alicheka na wote waliocheka, na jioni akaenda kukaa kwenye kinu. Zilikuwa zimepita wiki nyingi tangu Bernadeta aache kuuliza habari za dume. Waliongea juu ya mvua, wakaongea juu ya ugali.

Siku ya kutoka ilifika mwezi wa Januari. Agustino, kwa kuwa ni mtani, ndiye aliyembeba mwali mabegani, na kanga nyekundu zilimkaa binti vizuri sana. Mwanga wa jua ulimwumiza macho. Chini ya mvule wakasimama. Desturi ni kwamba mwali hutazama tundu, kisha neno lake la kwanza nje ya nyumba huwa ni kumwamkia baba yake, na baba akiitikia ngoma huanza.

Bernadeta hakutazama juu. Alimtazama baba yake.

"Shikamoo, baba," alisema, watu wote wakasikia. Kisha akainama kama mtu anayerekebisha kanga, akasema kwa sauti iliyosikiwa na baba yake na Agustino tu: "Mabawa yalikoma siku ile ile uliyoniletea kanga hizi."

Agustino aliangalia chini. Wapiga ngoma walikuwa wameinua mikono, Yuliana ameshika kinywa tayari kwa kigelegele, wote wanangoja marahaba. Dominiko akafungua kinywa, akangoja, akakifunga tena.