Sare Iliyofuliwa Alhamisi

Sare ilikuwa moja tu. Ya pili Zakari alimpa baba yake siku mzee huyo alipopelekwa vitani mashariki, kwa sababu sare ya mzee ilikuwa imepasuka mgongoni na stoo ya kambi haikuwa na kipimo chake. Nilimwona mtoto akiikunja na kuisukuma chini kabisa ya mkoba wa baba yake, ili mzee asione haya kuvikwa na mwanawe.

Huyo mzee ni Djafari, mwanangu wa pekee. Tangu Goma ianguke, mwezi wa kwanza, hajapiga simu. Sasa tuko mwezi wa kumi na mbili. Hapa kambini Lubumbashi wanatuambia tungoje. Hatuwezi kutandika mikeka ya kilio, maana hakuna aliyesema amekufa. Wala hatuwezi kukaa kama watu ambao mtu wao atarudi. Jirani yangu Constance, mke wa koplo, huja kila Ijumaa kuuliza kama nimeswali. Nikisema ndiyo, anajibu, "Basi na miye nitamuombea Jumapili ku misa. Tutaona mwenye atajibiwa wa kwanza." Halafu ananiachia makaa mawili matatu yaliyokwisha kushika moto, nisihangaike kuwasha.

Naishi na wajukuu wawili. Mama yao alifariki Yasmine akiwa bado anatambaa, basi nikawalea. Zakari ana miaka ishirini na minne, askari kama baba yake, ila yeye yuko hapa hapa mjini. Yasmine anasoma sheria chuo kikuu. Wananiita kambo, kama watoto wote wa hapa wanavyowaita bibi zao.

Jumatano, tukila bukari, ugali wetu wa hapa, na samaki wa Kasenga, Yasmine alisema, "Ijumaa tutatembea. Familia zote za basoda benye hawapatikane, na banafunzi pia. Kutoka Posta mupaka ku ofisi ya gouverneur." Basoda ndio askari, kama Djafari.

"Kutembea juu ya nini?" Zakari akauliza.

"Juu ya majina. Batupe liste. Nani alikufa, nani alikamatwa, nani iko muzima. Majina tu."

Zakari alitoa mwiba mdomoni, akauweka kando ya sahani. "Inchi inawaka moto, na weye unatoka na karatasi. Nyumba ikiwaka, unazima kwanza, njo unauliza nani aliwasha."

"Moto banazima na maji, yaya. Habazime na batoto ya bantu." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Aa, avocate! Unisomee basi na article yake."

"Cheka tu." Yasmine akaonyesha upande wa barabara kuu, yanakopita malori ya shaba. "Kila siku ninahesabu makamio ya mukuba ile inakwenda ku Zambie. Inchi iko na mali ya kujaza makamio, lakini ya kununua simu moja, mutu apigie Kambo amuambie mutoto yake iko wapi, hakuna!"

"Unawaza miye simutafute Papa?" Zakari alisema polepole. "Lakini mukisema mu barabara kama basoda banapotea, adui naye anasikia. Na bale benye kuwa kule banasikia. Banavunjika roho."

"Benye kuwa kule hawana batterie ya kusikia kitu!"

Mimi nilisema, "Kuleni, bukari inapoa." Kila aliyesema nilimwona ana haki, kisha mwingine akasema, naye nikamwona ana haki.

Zakari akainuka, akachukua birika, akammwagia dada yake maji ya kunawa, kama kila siku. Wakati maji yanatoka ndipo alipotuambia. Kikosi chao kimepangwa kuwasaidia polisi. Ijumaa asubuhi wao ndio watakaofunga barabara ya kwenda kwa gouverneur, mkuu wa jimbo.

Yasmine alitazama mikono yake. "Sasa tutaonana," akasema.

"Usikuje, Yasmine."

"Weye usikuje."

Usiku ule na siku ile iliyofuata sikuwaza kitu kingine. Sikuwaza nchi, Mungu anisamehe. Niliwaza barabara moja, mjukuu wangu huku na bunduki, mjukuu wangu kule na karatasi.

Alhamisi saa tisa Zakari alirudi, akavua sare, akaitundika kwenye msumari. "Kambo, usifue. Pasi tu. Kesho appel, kuhesabiwa, ni saa kumi na moja." Akajilaza.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kushona, mtu wa Kasongo, na alishona sare za kambi hii miaka mingi. Najua kile kitambaa kuliko ninavyojua Kifaransa. Ni kizito. Mvua ikinyesha hakikauki kwa siku moja, na wiki ile mvua haikutupa nafasi hata ya kuanika kitambaa cha vyombo. Nilijua pia kwamba askari haruhusiwi kusimama mbele ya watu na nguo ya raia. Nikachukua beseni. Nikafua koti, nikafua suruali, nikasugua kola polepole kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake. Nilisema moyoni: hatakuwa na nguo, atabaki nyumbani, kesho jioni watakula wote wawili hapa.

Zakari alipoamka alfajiri alikuta sare ikidondosha maji juu ya kamba, chini ya bati. Aliishika. Aliniangalia.

"Kambo, nilisema pasi tu."

"Nilisahau, baba. Uzee."

Alijua. Hakunipandishia sauti. Aliikamua mikono, akaikamua miguu, akaivaa vile vile, akatoka akitetemeka. Hilo sikuliwaza. Mume wangu alinifundisha kitambaa, hakunifundisha askari.

Constance ndiye aliyenieleza, maana mume wake alikuwa kwenye mstari. Adjudant, mkubwa wao kikosini, alipita na taa, akasimama mbele ya Zakari, akasema, "Na huyu? Ulilala mu Lubumbashi, ao mu maji ya muto ya Lubumbashi? Mutu anakuja kwa drapeau, mbele ya bendera ya inchi, na kuvuja kama kuku ya mvua?" Wenzake wakacheka. "Nani alikufulia?" Angeweza kusema ni bibi yangu, ni mzee, alisahau. Mume wa Constance anasema alisimama wima, akajibu, "Ni miye mwenyewe, mon adjudant."

Akatolewa mstarini, akafungiwa kutwa kucha. Basi, lile nililolitaka nililipata. Hakufika barabara ya gouverneur.

Yasmine alifika. Walikuwa wengi, alisema, wengine na picha za waume zao kifuani. Walirushiwa moshi wa kuumiza macho, wakakimbia, kiatu kikamtoka. Polisi mmoja kijana alikiokota, akamfuata mpaka pembeni, akamwekea chini karibu na mguu, akasema, "Pole, dada," halafu akarudi kwa wenzake. Karatasi yao ilipokelewa langoni na mtu wa ofisi. Akasema itapelekwa Kinshasa.

Jumamosi asubuhi Zakari alirudi. Alikaa mlangoni, akavua viatu.

"Kambo, banatafuta bantu makumi ine ya kwenda mashariki. Balikuwa na makumi tatu na kenda." Akajaribu kutabasamu. "Njo banaanza na bale ba makosa."

Mimi nilitafuta kiti na sikukiona, ingawa kilikuwa nyuma yangu.

Nilijifunga kitenge changu kizuri, nikaenda kwa adjudant. Nitasema kweli: alinipokea vizuri. Alisimama, akanipa kiti chake mwenyewe, kwa sababu kile kingine kilikuwa na mguu mbovu. Nikamwambia, "Mwanangu, aliyefua ni miye. Nilifanya makusudi. Miye njo wa kuadhibiwa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasugua macho yake. "Mama Djafari, nilijua. Hakuna soda anafua tenue yake siku ya mvua. Lakini liste ilikwenda jana magaribi. Ikisha kutoka hapa, haiko yangu tena." Kisha, sauti chini, "Hata mutoto yangu iko mu ile liste. Yeye hakufanya kosa lolote."

Nilimshika mkono, naye akanisindikiza mpaka barabarani akinikinga na mwavuli wake.

Jumapili mvua ilikatika kidogo. Constance alileta makaa, safari hii karai zima, akaenda misa. Nilijaza pasi kwa makaa hayo. Zakari akapita nyuma yangu. "Kambo, pasi tu, eh?" Tulicheka wote watatu, kisha tukaacha kwa pamoja.

Yasmine alichukua koti kabla halijapoa. Akageuza kola, akaandika ndani kwa kalamu: jina lote la kaka yake, jina la baba yao, namba ya kaka yake ya jeshi. Zakari alimwona, naye hakumkataza. Kalamu inatoka na mvua, nikasema. Nikaleta uzi mweupe, nikafuata herufi moja moja kwa sindano, mshono wa mnyororo alionifundisha mume wangu, ule usiofumuka hata kitambaa kikichakaa. Macho yangu si mazuri tena. Yasmine alinitungia uzi kila ulipokwisha. Ilituchukua mpaka jioni.

Jumatatu, lori likingoja kwenye lango la kambi, Zakari alipiga magoti nimfunge kifungo cha juu, kama alipokuwa anakwenda shule. Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

"Kambo, ile majina inakwaruza."

"Acha ikwaruze, baba," nikamwambia.

Akainuka. Yasmine alimbebea mkoba mpaka kwenye lori, na sikusikia walichoambiana.