Mwombaji na Mjibu Maombi

Sheria ikitaka kumshusha mtu haimtukani. Humpa cheo.

Dada yangu hufua shuka katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko. Vidole vyake vimebabuka kwa sabuni, na tangu tuzaliwe sijamwona akimwomba jirani hata chumvi. Siku alipompeleka mahakamani mwanamume aliyezaa naye, sheria ikampa cheo chake: Mwombaji. Na yule mwanamume aliyekula, akashiba, akajifuta mdomo na kuondoka, naye akapewa cha kwake: Mjibu Maombi.

"Mjibu maombi?" shangazi yetu akauliza pale kwenye korido, benchi zima likageuka. "Kwani huyo ni Mungu? Mbona miaka yote hii hajajibu hata ombi moja?"

"Bibi, punguza sauti," akasema karani.

"Nipunguze ipi? Sauti ninayo hii hii moja, tena ya kurithi."

Karani akafungua faili, akasimama mlangoni na kuita, "Mwombaji!" Dada akatazama dari. Akaita tena, safari hii kwa hasira, kama anayemwita mbuzi mtoro.

"Mama, si wewe unayeitwa?"

"Umeita mwombaji. Mimi sikuja kuomba, nimekuja kudai."

"Humu ndani hata mwenye haki yake huomba. Ingia, hakimu ana njaa."

Tukaingia.

Mwanamume mwenyewe tunamwita Flashi. Ni mpigapicha, ana studio yenye pazia la maporomoko ya maji na kiti cha kifalme kilichovunjika mguu. Hakuna harusi wala msiba hapa kwetu ambao hakuusimamia na kamera yake, akiwapanga watu kama matofali. Wengi wamemsahau Flashi wa zamani. Mimi sisahau. Chiriku alipozaliwa (ndivyo tunavyomwita binti yao, maana mdomo wake haupumziki), Flashi alikuja wodini na chupa ya chai na shali la manjano, akalia mpaka makamasi yakamtoka. Nesi akamtania, "Baba mtoto, kwani wewe ndiye uliyejifungua?" Akampa mtoto jina la mama yake mzazi. Akambeba mabegani mtaa mzima. Ikawa hivyo mpaka mtoto akajua kusoma.

Kisha akamwona binti wa mwenye duka la dawa. Mkwe mtarajiwa, mtu wa miwani na maswali, akamwuliza kama ana mtoto popote. Flashi akajibu, "Sina." Basi. Neno moja tu, na mtoto mzima mwenye meno na madaftari akawa hayupo. Tangu siku hiyo akikutana na Chiriku njiani huvuka barabara, na ana mwendo mzuri wa kuvuka, sharti niseme kweli, kama mtu aliyekumbuka jambo upande wa pili.

Dada alinyamaza. Alifua, akalea, akanyamaza. Kilichomwamsha ni mtihani. Chiriku alifaulu kwenda shule ya bweni, na mshahara wa kufua shuka hauwezi kumweka mtoto bweni hata ukiukamua kwa mikono miwili. Mahakama ikitamka kwamba Flashi ni baba, atalazimika kumsomesha. Isipotamka, Chiriku atasimama kwenye karo la kufulia pamoja na mama yake, ajifunze kutoa madoa ya watu asiowajua. Kesi nzima ilikuwa hiyo, haikuwa na zaidi.

Dada alikuwa na bahasha ya picha: Chiriku anatambaa, Chiriku na jino la kwanza, Chiriku juu ya kile kiti cha kifalme. Zote kazi ya Flashi. Wakili wa Flashi, mtu ambaye koti lake lilikuwa na mikono mirefu kuliko hoja zake, akazipitia moja moja kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Mheshimiwa, naomba mahakama izingatie. Mteja wangu hayumo katika picha hata moja."

"Yeye ndiye aliyezipiga!" akasema dada.

"Kwa hiyo unakubali hayumo."

Hakimu akaandika. Wallahi, aliandika! Mtu mzima, amesoma kwa kodi zetu, akaandika kwamba mpigapicha hayumo katika picha alizopiga.

"Alikuwa akimwita mwanangu," dada akaendelea. "Mbele za watu. Mwanangu, njoo. Mwanangu, kaa vizuri."

"Mheshimiwa, hilo ni neno la adabu tu. Hata mimi, umri wangu huu, muuza magazeti huniita mwanangu. Je, nikarithi magazeti?"

Watu wakacheka. Flashi akacheka pia, akarekebisha kola yake, akamgeukia mkewe aliyekaa nyuma ili ahakikishe amemwona akicheka.

Ndipo hakimu akainua karatasi. Katika karatasi za sheria, mwanamume ambaye bado hajathibitishwa huitwa "baba anayedhaniwa". Ukimsikia mtu wa sheria akisema hivyo unadhani ni neno dogo, neno la kupitia tu. Ni mtego wa panya, na jibini yake ni haki ya mtoto.

"Mwombaji," hakimu akasema, "umeomba mjibu maombi apimwe vinasaba. Jibu swali langu, na ulijibu kama lilivyo. Je, unadhani huyu ndiye baba wa mtoto?"

Dada akajinyoosha. Namjua. Alikuwa ameudhika. Unamwuliza mwanamke kama *anadhani*? Mwanamke asiye na mwanamume mwingine katika maisha yake, unamwuliza kama mtu aliyepoteza mwavuli sokoni?

"Sidhani, mheshimiwa!" akasema kwa sauti kubwa. "Mimi na..."

"Limejibiwa!" Wakili alikwisha simama. "Mheshimiwa, swali limejibiwa! Mwombaji mwenyewe hadhani!"

"Nasema najua! Sidhani, najua!"

"Mama, kaa," akasema hakimu. "Kama unajua, leta uthibitisho. Unao? Huna. Asiye na uthibitisho, kisheria, anadhani. Na wewe umesema hudhani. Kipimo huamriwa palipo na dhana ya msingi. Hapa dhana iko wapi?"

Akalifuta shauri. Akasema limefutwa bila kuathiri haki ya kulileta upya, na akafunga faili kama mtu anayefunika sufuria ya mwenzake. Watu hulipwa kwa kazi hii. Hupigiwa saluti na kufunguliwa milango.

Nje, Flashi alikuwa akieleza kwa kila mwenye masikio. "Mmesikia? Mama mtu mwenyewe hadhani! Mimi nifanye nini?" Chiriku alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi na sare yake ya shule ya msingi, akamtazama. Flashi akatafuta barabara ya kuvuka. Korido haina barabara, ikambidi ajifanye anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Karani akatufuata mpaka langoni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na hao ndio wengi.

"Mama, lete upya. Ila safari ijayo akikuuliza, sema nadhani. Useme hivyo tu. Nadhani. Kipimo kinaamriwa siku hiyo hiyo."

"Siwezi," akasema dada.

"Neno moja tu, mama."

"Kalitamke wewe kuhusu mkeo."

Karani akarudi ndani bila kuaga.

Siku zilizofuata tukabishana karoni, nyuma ya ile nyumba ya wageni, kati ya kamba za shuka zinazodondosha maji. Mimi nilikuwa upande wa dada. Nikasema asilitamke, twende juu zaidi, tuandike kwa wakubwa, tukasimame nje na mabango. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

"Umemaliza, mjomba wa mabango? Shule inafunguliwa lini?"

Nikaanza kuhesabu wiki kwa vidole.

"Basi bango lako litamkuta mtoto ameshaota sugu."

"Shangazi, unajua maana yake," dada akasema, huku akikamua shuka kwa nguvu zote, kama shingo ya mtu. "Nikisema nadhani, nimesema walikuwa wengi. Nimesema sijui ni nani. Nafanya kazi nyumba ya wageni, shangazi! Watu wameshamaliza hesabu, wanangoja mimi niwape jibu tu."

"Najua."

"Sijawahi. Huyo mbwa ni wa kwanza na wa mwisho."

"Najua, mwanangu. Tena ulichagua vibaya, hilo nalo najua." Shangazi akavuta pumzi. "Sheria hiyo waliiandika watu ambao hawakuwahi kuulizwa swali hilo. Mwanamume huulizwa kama anakubali au anakataa. Wewe unaulizwa kama unamjua uliyelala naye. Ni uchafu. Sasa niambie, uchafu huo utaufua kwa kukaa nyumbani?"

Dada aliendelea kukamua. Chiriku alikuwa upande wa pili wa shuka, tukiona miguu yake tu chini ya pindo.

"Mama," sauti ikatoka huko, "mimi nitajua."

"Utajua nini?"

"Ukisema hivyo. Nitajua unawadanganya wao, sio mimi. Lakini kama hutaki, usiseme. Nitafua."

Ile "nitafua" ndiyo iliyoumaliza ubishi. Dada aliiacha shuka ikaanguka karoni na kuzama.

Shauri likaletwa upya. Habari zilikwisha enea, ukumbi ukajaa watu wasio na kesi. Nawakumbuka: mke wa kinyozi, fundi saa, wasichana wawili wa saluni waliofunga mlango ili waje. Hapa kwetu mtu hatafuti nafasi ya kumsaidia jirani, lakini akisikia mwenzake anavuliwa nguo atatafuta nauli.

Hakimu ni yule yule. Wakili na mikono yake ile ile.

"Mwombaji, unadhani mjibu maombi ndiye baba wa mtoto?"

Dada akaushika ukingo wa kizimba. Akamtazama hakimu usoni mpaka hakimu akashusha kalamu.

"Nadhani," akasema.

"Sema kwa sauti, mahakama isikie."

"Nadhani!"

Kicheko kikaanzia kwa wasichana wa saluni, kikapanda mpaka nyuma. Wakili akasubiri kitulie. Alikuwa akikionja.

"Unadhani. Vizuri. Na ukiacha huyu, mama, unadhani nani mwingine? Maana unafanya kazi nyumba ya wageni. Wageni wangapi?"

"Wewe mbona shuka zako hazikufika karoni?" shangazi akapaza sauti kutoka nyuma. "Au zako ndizo zile tulizochoma moto?"

Ukumbi ukaripuka, na safari hii hakucheka Flashi. Hakimu akaamuru shangazi atolewe. Akatoka kwa madaha, akiitikia salamu za watu ambao hawakumsalimu. Wakili akakaa bila kupata jibu lake.

"Ipo dhana," akasema hakimu, akiandika. "Mjibu maombi atatoa sampuli leo, kabla hajatoka katika jengo hili."

Flashi akasimama. "Leo? Mheshimiwa, leo nina harusi!"

"Harusi ya nani?"

Akajipapasa mifuko, kana kwamba kadi ya mwaliko imo humo. Askari akamgusa kiwiko. Mkewe, yule binti wa duka la dawa, alikuwa tayari anakusanya mkoba wake. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Chiriku, kisha akamtazama Flashi, kisha Chiriku tena. Kwa nini hakufanya hivyo miaka yote, mwulizeni yeye. Jibu la maabara lilipokuja halikumwambia jipya mtu yeyote mwenye macho. Hakimu akatamka kwamba mjibu maombi ndiye baba, na kwamba matunzo na masomo ya mtoto ni juu yake. Ilisomwa upesi, ukumbi ukiwa mtupu. Wale waliokuja kusikia "nadhani" hawakuja kusikia "ndiye". Fundi saa alikuwa na saa. Wasichana wa saluni walikuwa na vichwa.

Flashi alijaribu kuchelewesha, akasema amri hakuielewa lugha yake. Dalali wa mahakama akaenda studio, akaketi juu ya kile kiti cha kifalme, akamweleza kwa lugha nyepesi, jicho lake likiwa kwenye kamera. Flashi akaelewa.

Chiriku yuko bweni. Huandika barua ndefu zisizo na nukta.

Na dada? Sheria ilirekebisha karatasi zake. Mitaani hakuna hakimu wa kurekebisha mdomo. Wanamwita Mama Nadhani. Walianza nyuma ya mgongo wake, sasa humwita hivyo usoni, hata watoto waliozaliwa baada ya kesi. Nilimkuta mke wa kinyozi, ambaye sasa hutandika vitanda nyumba ile ile ya wageni, akimwita hivyo pale karoni, tena kwa upole, kama jina la ubatizo: "Mama Nadhani, shuka za chumba cha juu ziko tayari?" Nikaanza kumwambia huyo mwanamke mambo ya ukoo wake, nikiyapanga tangu kwa bibi yake.

Dada akanishika mkono.

"Ziko tayari," akamjibu. "Hizo hapo. Zibebe vizuri, zisiguse chini."

Mke wa kinyozi akazibeba, akaondoka. Dada akafungua bomba, akatia shuka nyingine majini.

"Kwa nini unaitika?" nikamwuliza.

"Unataka nifanyeje, niende mahakamani?" akasema, akacheka peke yake. "Nipe hiyo sabuni."