Nuriat Mdomoni mwa Pango

Mariamu alimwambia bintiye waziwazi, majirani wa mtaa wa Hamugembe wakisikia: "Chagua. Popo, au nyumba hii."

Nuriat alikuwa anafunga kamba za buti. Alisomea sayansi ya wanyama, akahitimu, akakaa nyumbani bila kazi, mpaka watafiti waliokuja kuchunguza popo wa mapango ya Muleba walipomkubali awe msaidizi wa kujitolea. Tangu ugonjwa wa Marburg, unaobebwa na popo, uingie mkoani, mtu anayeshika popo aliogopwa kuliko mchawi.

"Nyumba hii naipenda, mama," alisema. "Lakini kazini naenda. Ijumaa nitarudi. Mkifunga mlango, nitagonga mpaka mfungue."

Akapanda bodaboda hadi stendi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Ndani ya suti nyeupe, miwani na glavu nene, alimtoa popo wavuni, akamshika mabawa, huku Dokta Kokuhirwa, mama aliyeongoza utafiti, akimpima na kumtoa tone la damu. Kisha wakamwachia. Popo waling'ata glavu kwa hasira. Nuriat akawa anawajibu: "Ng'ata, lakini kidole hupati."

Alasiri moja, walipokuwa wamemaliza na kuvua suti, Buberwa alifika na wanaume wanne, wamebeba kuni na gunia la pilipili kavu la kufukizia. Pango lilikuwa chini ya kibanja chake, shamba lake la migomba. Dada yake alikuwa amefariki kwa homa ya ghafla, na Buberwa hakuwa na shaka nani amemuua.

"Leo tunawachoma humohumo," alisema. "Dokta, ondoa watu wako."

Wanaume wakarundika kuni mdomoni mwa pango. Kokuhirwa akaanza kupakia vifaa kwenye gari. "Nuriat, twende. Shamba ni la mwenyewe."

Nuriat alikwenda akaketi juu ya kuni.

"Omwisiki, binti wewe, toka hapo," Buberwa alisema.

"Sitoki."

"Nitawasha."

"Washa, baba. Uanze na mimi."

Mmoja wa wale wanaume alicheka, kisha akanyamaza alipoona hakuna mwenzake anayecheka. Kokuhirwa alimwita mara ya pili, kwa ukali. Nuriat hakugeuka.

"Moshi hautawaua wote," alisema. "Watakaopona watahamia darini kwenu, na kwenye migomba ya ndizi mnazokamulia pombe ya rubisi. Sasa hivi mnajua wako wapi. Kesho hamtajua."

"Dada yangu aliuawa na nini, basi? Nijibu wewe uliyesoma!"

"Sijui."

Buberwa alimkazia macho. Labda alitarajia maneno marefu.

"Sijui, baba," Nuriat alirudia. "Wala dokta hajui. Ukiwachoma, hakuna atakayejua kamwe. Mimi nataka kujua. Wewe hutaki?"

Buberwa akatupa chini kiberiti alichokuwa ameshika, akakikanyaga.

"Kuni zinabaki hapo hapo," alisema. "Majibu yakija, mabaya au mazuri, unaniletea wewe. Si dokta. Wewe. Ukinikimbia, nawasha."

"Sikimbii."

Garini Kokuhirwa alimgombeza njia nzima: angeweza kuuawa, utafiti ungefungwa. Nuriat alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kesho wanaanza saa ngapi. Ijumaa ile aligonga mlango wa nyumbani mpaka Mariamu akafungua.

Majibu ya kwanza yalipotoka, alipanda kilima peke yake. Alimkuta Buberwa akipalilia, akamweleza: baadhi ya popo wa pango lile walionyesha dalili za kuwahi kuambukizwa, lakini kama dada yake aliupata ugonjwa humo, damu ya popo haikuweza kusema. Alimwambia pia watu wasiingie pangoni, na wasile tunda lililotafunwa na popo.

Buberwa aliegemea jembe lake. "Kwa hiyo bado hujui."

"Bado. Jumatatu tunaendelea."

Hakumkaribisha ndani. Lakini Jumatatu walikuta amekata miiba na kuziba njia ya pangoni, akiacha upenyo wa mtu mmoja kupita.