Karatasi Iliyokuwa Kanyangi

Saa nane na dakika saba mchana, Jumapili, mlango wa jikoni kwa Ndunge, nje kidogo ya mji wa Mwingi, uliangukia ndani pamoja na komeo na kipande cha fremu. Wanaume wawili waliukanyaga wakaingia. Mmoja, mrefu, alivaa koti la suti na alishika panga. Wa pili, mnene, alikuwa na nyundo ya kupasulia kokoto.

Ndunge alikuwa ameinamia sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe yaliyokuwa yakitokota tangu atoke kanisani. Mwanawe Muindi alikuwa mezani, simu mkononi.

"Mama ametoa ushuhuda mzuri sana leo," mrefu alisema. "Tumekuja kusema amina."

Muindi alielewa papo hapo. Asubuhi ile, wakati wa shukrani, mama yake alisimama mbele ya washirika akamsifu Mungu kwa ajili ya mwanawe, ambaye ana pesa hata benki haizioni. Muindi alimvuta nguo akae. Watu walipiga makofi.

Kwa miaka minne alikuwa akiandika programu za kompyuta kwa wateja wa ng'ambo, nao walimlipa kwa Bitcoin, pesa za mtandaoni. Alitumia pochi ya kidijitali inayochanganya sarafu zake na za watu wengine, hadi anayefuata nyayo zake mtandaoni apotee njia. Kila malipo yaliingia kwa anwani mpya. Kila alipomaliza kazi aliifuta pochi kwenye kompyuta. Kuirudisha kulihitaji maneno kumi na mawili, na maneno hayo hayakuwa kwenye simu, wala kwenye picha, wala ndani ya nyumba ile. Yalikuwa kwenye karatasi moja tu, kwa dada yake Wayua, mwalimu huko Kanyangi. Hakuna mwizi wa mtandaoni aliyewahi kumfikia. Mdomo wa mama yake hakuwa ameuweka kwenye hesabu.

Mnene alimkalisha Ndunge kwenye stuli akamjaza leso mdomoni. Muindi hakungoja kuulizwa. Alifungua pochi ndogo ya simu, ile ya matumizi ya kila siku, akamwonyesha mrefu. Mrefu akacheka.

"Hii ni ya mboga, buda. Fungua ile ya ushuhuda."

Muindi alimweleza ukweli wote, hatua kwa hatua, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa. Pesa zipo. Hata yeye mwenyewe hawezi kuzifikia akiwa hapa. Maneno yako kwa dada yake. Mrefu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwashiria mwenzake kwa kichwa.

Nyundo ilitua kwenye goti la Ndunge. Mfupa ulitoa mlio wa kuni kavu. Mama alianguka kutoka kwenye stuli na kilio chake kikabaki ndani ya leso.

"Mwaitu," Muindi alimwita, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni. 

"Sasa mpigie huyo dada," mrefu alisema. "Weka spika. Yeye asome, mimi niandike. Ongea kama hakuna kitu. Ukilia, inayofuata ni kichwa."

Wayua alipokea kwenye mlio wa pili. Kwa sauti tulivu kuliko alivyodhani angeweza, Muindi alimwomba amsomee ile karatasi.

Wayua akajibu, "Ulinikataza."

"Najua. Kuna mteja ananiharakisha. Soma tu, dada."

"Muindi, uliniapisha hapa mezani kwangu. Ukasema nisisome kwa simu hata nikisikia sauti ni yako, kwa sababu siku hizi kompyuta zinaiga sauti za watu. Nikakucheka. Ukaniapisha mara ya pili."

"Sasa mimi mwenyewe nimekuondolea kiapo hicho."

"Hata mwizi angesema hivyo. Nipe Mwaitu niongee naye."

Mrefu alikataa kwa kidole.

"Amelala," Muindi alisema.

"Jumapili, saa nane? Mwaitu, alale?"

Wayua akakata simu.

Mrefu aliamini kwamba Muindi amempa dada yake ishara. Hakupandisha sauti. "Umechagua mwenyewe," alisema, na nyundo ikampiga Ndunge juu ya sikio.

Muindi aliishika sufuria kwa mikono mitupu, akamwagia mnene muthokoi wote usoni. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye ukingo wa sufuria. Mnene aliiachia nyundo akajishika macho. Panga lilishuka. Muindi alijikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaanguka kwenye saruji. Kwa mkono wa kulia aliokota nyundo. Pigo la kwanza lilivunja kiwiko cha mrefu. Panga likamtoka, naye akatoka mbio akapotelea kwenye shamba la mbaazi. La pili na la tatu yalimpata mnene kichwani. Baada ya la tatu mtu yule aliacha kujikinga. Muindi akapiga la nne.

Saa nane na nusu Kitheka, jirani, aliingia na watu watatu. Wayua alikuwa amempigia simu na kumwomba aende kuangalia kama ni kweli mama amelala. Kitheka alimtazama mtu mnene, akamwekea vidole shingoni, akasema huyu amekwisha. Ndunge alikuwa bado anapumua. Walimbeba kwa godoro hadi kwenye pikapu. Mkono wa Muindi ulifungwa kwa ile leso, kwa kuwa ndicho kitambaa kilichokuwa karibu.

Hospitalini daktari alitangaza kifo cha Ndunge saa tisa na dakika kumi na mbili. Polisi walifika baadaye kidogo wakaandika maelezo ya Muindi. Waliuliza alipiga mara ngapi. Alijibu nne kwa mnene, na moja kwa aliyetoroka. Kisha akajisahihisha, akasema tatu na moja.

Saa tisa na dakika arobaini Wayua alipiga simu akiwa Kitui, njiani kuja. Aliomba apewe mama. Kitheka alimshikia Muindi simu sikioni, na Muindi akamtajia dada yake saa ya kifo.